UKIANGUKA TOKA MTUMBWINI: NAMNA YA KURUDI NDANI



Ukurasa huu umezoea kuwapa habari za kofia ya kazi, viatu vya kazi, vumbi na malaria. Leo tutasema juu ya maji. Ajali haimngojei mtu mlangoni mwa kazi tu. Inamfuata hata siku yake ya mapumziko.

Tunafanya kazi mbali na maji, lakini wengi wetu tunayafuata. Watu wa Likasi wanakwenda kwenye ziwa la Tshangalele, lile lililozaliwa na baraji ya mto Lufira, pale Mwadingusha ambapo mashini za umeme zilianza kazi mwaka 1930. Watu wa Kolwezi wana ziwa la Nzilo kwenye mto Lualaba. Wengine, wakipata konje, wanakwenda Bukama kushuka Lualaba kuelekea maziwa ya Upemba, ama wanawarudia wazazi kule Kilwa na Pweto, kando ya ziwa la Moero. Mmoja anapanda mtumbwi wa mti atege nyavu. Mwingine ana mtumbwi wa mpira, ule unaojazwa hewa kwa pompi, anautumia kwa kutembea na watoto. Wote wawili wanaweza kuanguka majini siku moja.

Ndiyo sababu tunauliza leo swali hili: ukianguka, utarudi namna gani ndani ya mtumbwi?

Wengi watajibu: «Nitashika ukingo, nitajivuta, nitapanda.» Jibu hilo ndilo linaloua watu. Mara mingi mtu aliyezama hakuzama dakika ile alipoanguka. Alianguka, akatokeza kichwa, akashika mtumbwi. Kisha akaanza kujivuta kwa nguvu za mikono. Akashindwa. Akajaribu tena mara ya pili, ya tano, ya kumi. Mikono ikalegea, ikaachilia. Aliyekuwa na nguvu za kubeba mfuko wa sementi wa kilo 50 akakosa nguvu za kushika kipande cha ubao. Kuanguka hakukumuua. Kilichomuua ni kuchoka.

Shirika la Afya la Dunia (OMS) linahesabu kwamba mwaka 2021 watu karibu 300.000 walikufa maji katika dunia nzima, ni kusema zaidi ya watu 30 kila saa. Karibu nusu yao walikuwa hawajapita miaka 29. Afrika ndiyo inayopoteza watu wengi kupita pande zingine, ukilinganisha na hesabu ya wakaaji. Tangu mwaka 2021 UNO imeweka tarehe 25 ya mwezi wa 7 kuwa siku ya kuwakumbusha watu wote jambo hili. Kwetu Katanga mwezi huo ni wakati wa baridi na wa upepo wa kusini-mashariki, upepo unaoinua mawimbi ziwani.

KWA NINI KUPANDA NI VIGUMU

Mtu akiwa ndani ya maji, maji yanambeba. Hata akiwa na kilo 70, uzito wake wa kweli mle majini ni kidogo sana, na akijaza hewa kifuani anaelea. Lakini kila sehemu ya mwili inayotoka majini inarudisha uzito wake wote. Akitoa kichwa, mabega na kifua, tayari anabeba kilo nyingi kwa mikono tu, na mikono yenyewe imelowana.

Jambo la pili ni miguu. Ukishika ukingo na kujivuta, miguu yako haibaki nyuma. Inakwenda mbele, inaingia chini ya mtumbwi. Sasa mwili wako umening'inia sawa na nyama kwenye ndoano: kichwa juu, miguu chini ya mtumbwi, hakuna mahali pa kukanyaga. Chini ya udongo hakuna mfanyakazi anayepanda pasipo ngazi. Hapa wewe unataka kupanda pasipo ngazi, tena juu ya kitu kinachocheza.

Jambo la tatu ni mtumbwi wenyewe. Ukiuvuta ukingo mmoja, upande huo unashuka na upande wa pili unainuka. Mtumbwi wa mti ulio mwembamba utajaa maji ama utakugeukia. Mtumbwi wa mpira ni mpana zaidi, lakini ni mwepesi. Nao unaweza kukugeukia kichwani.

Basi kanuni ni hii, na mengine yote yanatoka humo: USIPANDE MTUMBWI, LALA JUU YA MAJI KISHA TELEZA NDANI. Miguu ndiyo inayofanya kazi kubwa. Mikono inasaidia tu.

DAKIKA YA KWANZA

Maji ya baridi yakikupata ghafula, pumzi inakatika na moyo unapiga mbio. Usianze kupanda katika hali hiyo. Fanya mambo matatu:

1. Shika mtumbwi, usiuachilie. Hasa mtumbwi wa mpira: hauna uzito, upepo unausukuma juu ya maji kwa mwendo unaopita ule wa mtu anayeogelea. Ukiuachilia dakika moja, pengine hutaukamata tena.

2. Pumua pole pole mpaka pumzi irudie. Dakika moja inatosha. Dakika hiyo si ya kupotea, ni dakika ya kuokoa nguvu.

3. Hesabu watu. Ita kila mmoja kwa jina lake. Wote waje washike mtumbwi, na watoto wapate nafasi ya kwanza.

Ukiwa na boti za mpira zilizojaa maji, zivue sasa hivi, unaposhika mtumbwi kwa mkono mmoja. Nguo nyepesi, bakia nazo, zinapunguza baridi.

MTUMBWI WA MTI

Kama mtumbwi haukujaa maji, usiuingie kwa ubavu ukiwa peke yako. Nenda nyuma yake, kwenye ncha. Ncha haigeuki upesi sawa na ubavu. Fanya hivi:

Shika ncha kwa mikono miwili, nyoosha mikono, rudisha mwili nyuma. Piga maji kwa miguu mpaka miguu ifike juu, mwili wote ulale sawasawa na uso wa maji. Hapo ndipo unapovuta, si mbele ya hapo. Piga miguu kwa nguvu na kwa wakati ule ule sukuma ncha ya mtumbwi ishuke chini ya kifua chako, sawa na mtu anayevuta mto wa kulalia chini yake. Kifua kikifika juu, endelea mpaka kitovu. Pumzika hapo, tumbo likiwa juu ya mti hutaanguka upesi. Kisha tandaza miguu, mmoja kuume na mmoja kushoto ndani ya maji, ikusaidie kushika usawa. Tambaa mbele ukiwa umelala, mpaka mwili wote uwe ndani. Keti chini, ndani ya tumbo la mtumbwi. Usisimame hata kidogo.

Mkiwa wawili, kazi ni rahisi zaidi. Mmoja anakwenda ubavu wa kuume, mwingine ubavu wa kushoto, mkitazamana. Yule wa kwanza analaza mwili, anapiga miguu, anateleza ndani kwa tumbo. Yule wa pili anashika ukingo wa upande wake na kuuvuta chini kidogo, ili mtumbwi usimgeukie mwenzake. Aliyeingia anaketi chini katikati, kisha anaegemea upande wa pili wakati mwenzake anapoingia. Mwepesi aingie kwanza, mwenye nguvu abaki kushikilia.

Lakini mara mingi mtumbwi umejaa maji. Hapo kumbuka kwamba kwa kawaida mti hauzami. Mtumbwi wa mti uliojaa maji unabaki karibu na uso wa maji, nao unaweza kukusaidia kuelea ukiushika. Kama umegeuka kifudifudi, ugeuzeni kwanza. Kisha simama nyuma yake majini, usukume mbele kwa nguvu na kuuvuta nyuma ghafula, mara nyingi. Maji yaliyo ndani yataruka nje kwenye ncha. Wavuvi wa mito yetu wanajua kazi hiyo tangu zamani. Ukingo ukitokeza juu ya maji, maliza kwa kopo ama kibuyu, mkono mmoja ukishika mtumbwi. Kopo lenyewe liwe limefungwa kwa kamba. Kopo lisilofungwa linakwenda na maji siku ile ile unapolihitaji.

MTUMBWI WA MPIRA

Mtumbwi wa mpira una uzuri wake: ni mpana, hauzami kwa kujaa maji, na ukingo wake hauko juu sana. Lakini una ubaya wake pia: ukilowana unateleza sawa na sabuni, na ni mwepesi kwa upepo.

Kama umegeuka kifudifudi, nenda upande ambao upepo unakupiga usoni, mtumbwi ukiwa kati yako na upepo. Panda kidogo kwa kifua juu ya tumbo lake, nyoosha mkono, shika kamba ama mshikio wa upande wa pili. Weka magoti kwenye ukingo ulio karibu nawe, kisha jitupe nyuma na uzito wako wote. Upande wa pili utainuka, upepo utaingia chini yake na kukusaidia. Vuta pumzi mbele ya kujitupa, na weka mkono mmoja juu ya kichwa, kwani mtumbwi utakuja juu yako. Usiogope, ni hewa tu ndani yake.

Ukisimama sawa, ingia kwa ubavu, karibu na katikati. Mkono mmoja ushike ukingo wa karibu, mwingine uvuke na kushika mshikio wa upande wa pili ama kiti. Rudisha mwili nyuma, piga miguu mpaka ilale juu ya maji. Sasa hesabu: moja, mbili, tatu! Piga miguu kwa nguvu, sukuma ukingo wa karibu uende chini ya kifua, vuta upande wa pili kuja kwako. Hujivuti wewe kwenda juu. Unauvuta mtumbwi uje chini yako. Tumbo likiwa juu ya ukingo, pumzika. Kisha geuza mwili: mgongo ndani, makalio chini, miguu iingie mwisho. Keti chini, usipige magoti juu ya kiti.

Mara mingi kosa ni hewa. Mtumbwi wa mpira uliojazwa pwani kwenye jua kali unaonekana mgumu vizuri, kwa sababu joto linatanua hewa. Ukifika kwenye maji ya baridi hewa inajikunja, na mtumbwi unalegea. Ukiukamata ili upande, unajikunja katikati sawa na mkeka. Kwa hiyo uweke kwanza majini kwa dakika 10, kisha ongeza hewa mbele ya kuondoka. Usijaze kupita kipimo ukiwa juani, unaweza kupasuka. Mitumbwi mingi ya namna hii ina mifuko ya hewa 2 ama 3 isiyoungana. Mmoja ukitoboka kwa mwiba ama ndoana, mwingine utakubeba. Shika upande ulio mzima, usihangaike na upande ulioharibika.

Kama maji kidogo yamebaki ndani ya mtumbwi wa mpira, yaache. Piga kafi urudi pwani, utayamwaga kule.

KAMBA YA MGUU: NGAZI YA BEI NDOGO

Kuna watu ambao hata wakifanya hayo yote hawataweza: mtu mnene, mtu mwenye bega bovu, mama mwenye mimba, mzee. Kwa hao na kwa sisi sote kuna dawa ndogo: kamba yenye urefu wa metre 3, nene kama kidole.

Kwenye mtumbwi wa mpira ifunge kwenye mshikio wa ubavu, ama kwenye pete ngumu zilizogunditwa. Kwenye mtumbwi wa mti ifunge kwenye ncha ya nyuma, si ubavuni, kusudi usigeuke. Upande wa pili wa kamba ufunge duara kubwa, mguu wenye kiatu uingie na kutoka bila shida. Duara hilo lining'inie ndani ya maji kama santimetre 60 chini ya uso wa maji. Ukiwa unasafiri, kunja kamba ndani, karibu na mahali mtu aliye majini anapoweza kuifikia.

Ukianguka, shusha duara, weka mguu mmoja, karibia mtumbwi kabisa, kisha simama juu ya mguu huo. Sukuma mguu kuelekea chini, si mbele. Ukiusukuma mbele utaingia chini ya mtumbwi. Sasa mguu ndio unaobeba uzito wako, si mikono. Kifua kikipita ukingo, lala mbele na uteleze ndani. Kisha toa mguu katika duara mara moja. Usiuache ndani ya kamba.

Wengine wanafunga fundo 2 ama 3 juu ya kamba hiyo, kwa kushika na mikono isiteleze. Ni jambo zuri.

MTOTO, AMA MTU ALIYECHOKA

Mtoto usimvute kwa mkono mmoja. Bega lake linaweza kuumia. Aliye majini anamsukuma toka chini, kwa makalio, mpaka alale kwa tumbo juu ya ukingo. Aliye ndani anamshika kwenye makwapa ama nguo ya mgongoni na kumtelezesha ndani.

Mtu mzima aliyechoka, mweke atazamane na mtumbwi, mikono yake miwili iwe ndani. Aliye ndani aketi chini ama apige magoti chini kabisa, amshike makwapa. Mshushe kidogo majini, kisha mvute juu wakati maji yanapomrudisha; hesabuni pamoja kusudi naye apige miguu. Kifua kikiwa ndani, shika mguu mmoja na kuuingiza, mwili utafuata.

Na kama wewe unatoka na mtumbwi mwingine kusaidia, karibia na ncha, si na ubavu. Mtu anayezama atashika chochote na kwa nguvu zote. Ukimpa ubavu mtakuwa watu wawili majini. Mtupie kwanza bidoni tupu iliyofungwa vizuri, yenye kamba. Bidoni ya litre 20 inamwelesha mtu mzima bila shida.

UKISHINDWA MARA TATU, ACHA

Kanuni nyingine ya kukumbuka: jaribu mara 3, na mapumziko katikati. Kama mara 3 zimepita bila kuingia, acha kupanda. Nguvu zilizobaki ni za kukaa hai.

Lala juu ya mtumbwi uliogeuka ama jaa kifua juu ya ncha yake, ili mwili mwingi uwe nje ya maji. Maji yanatoa joto la mwili mara karibu 25 kupita hewa yenye baridi ile ile. Hata ziwa linaloonekana la uvuguvugu litakulegeza likipata saa nyingi. Kama hamwezi kupanda juu, kunja magoti kifuani, shikamaneni, mtoto katikati. Piga miguu pole pole kuelekea nchi kavu pamoja na mtumbwi. Inua kafi ama nguo yenye rangi, piga kelele kwa mafungu, si bila kupumzika.

Usiuache mtumbwi uogelee. Pwani inaonekana karibu kuliko ilivyo. Mtu aliyeogelea metre 100 kijijini akiwa kijana, leo akiwa na nguo, baridi na hofu, hawezi tena kuzihesabu metre hizo. Anayetafuta atauona mtumbwi mbele ya kukiona kichwa cha mtu.

MKIFIKA NCHI KAVU

Mtu akitolewa majini na hapumui, usimning'inize kichwa chini, wala usimkamue tumbo kwa kutoa maji. Unapoteza wakati, na chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu. Mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpe pumzi 5 kwa kinywa, ukiona kifua kinainuka. Kama bado hana dalili ya uhai, kandamiza katikati ya kifua mara 30, kushuka kama santimetre 5 kwa mtu mzima, kwa mwendo wa mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Kisha pumzi 2, kisha 30 tena. Endelea bila kuacha mpaka apumue ama msaada ufike. Mwenzako akimbie kutafuta gari.

Akipumua lakini hana fahamu, mlaze kwa ubavu. Mvue nguo za maji, mfunike blanketi, mpe chai ya sukari akiwa na fahamu kabisa. Lutuku si dawa ya baridi: inafungua mishipa ya ngozi na joto la mwili linatoka.

Aliyekunywa maji na kukohoa, hata kama anasema amepona, mleteni dispanseri siku ile ile. Mapafu yaliyoingiwa na maji yanaweza kuleta shida baada ya saa kadhaa. Kikohozi kisichoisha, pumzi fupi, usingizi usio wa kawaida, midomo yenye rangi ya majivu: hizo ni dalili za kuleta mgonjwa hospitali usiku huo huo.

Tena, maji yaliyotulia yenye majani na konokono yanaweza kuwa na bilharziozi. Mdudu wake anaingia kwa ngozi, hata kama hukunywa maji. Ukiona mwasho, homa baada ya majuma machache, ama damu katika mkojo, njoo upimwe. Hata pasipo dalili, njoo upimwe baada ya miezi 2. Dawa yake, praziquantel, inajulikana na inaponya.

MBELE YA KUONDOKA

Ukingo wa mtumbwi uliopakiwa ubaki juu ya maji kwa kipimo cha kiganja kizima. Kama maji yanaonekana karibu na ukingo pwani, ziwani yataingia. Ondoa mfuko mmoja wa makala, ama mtu mmoja abaki angojee safari ya pili.

Kila mtu avae jile ya kuelea, na ifungwe. Jile iliyokaliwa sawa na mto haisaidii kitu. Ukianguka itabaki mtumbwini. Aliyekosa jile ajifunge bidoni tupu ya litre 5 kifuani, chini ya makwapa. Haishindi jile, lakini inashinda mikono mitupu.

Anayetumia pombe asipande. Mwenye kifafa asiende peke yake, wala asikae majini bila mtu wa karibu. Mfanyakazi aliyetoka posta ya usiku alale kwanza. Na penye mamba ama viboko, kama vile Lualaba na Upemba, sikilizeni wavuvi wa mahali pale. Wao wanajua pa kupita na saa ya kupita.

FANYENI ZOEZI

Mambo haya hayajifunzwi siku ya ajali. Siku moja ya mapumziko, asubuhi, upepo ukiwa bado umelala, chagueni mahali safi ambapo maji yanafika kifuani. Mtu mmoja abaki pwani na kamba. Kila mmoja ajaribu mara 3: kulaza mwili, kupiga miguu, kuvuta mtumbwi chini ya tumbo. Kisha ajaribu na kamba ya mguu. Kisha ajaribu na nguo anazosafiri nazo. Baba asifikiri kwamba kazi hii ni yake peke yake. Bibi na watoto wakubwa wajaribu pia, kwani siku ile pengine ni baba atakayehitaji kuvutwa.

Aliyeshindwa pale maji yanapofika kifuani, amejifunza jambo kubwa: atajua kwamba yeye asiende katikati ya ziwa pasipo jile na kamba. Hakuna haya katika jambo hilo. Haya ni kwa yule anayeijua hatari, akanyamaza.

TUKUMBUKE KWA UFUPI

1. Shika mtumbwi, pumua, hesabu watu.
2. Mtumbwi wa mti: ingia kwa ncha ukiwa peke yako, kwa ubavu mkiwa wawili.
3. Mtumbwi wa mpira: ingia kwa ubavu, vuta upande wa pili.
4. Laza mwili, piga miguu, teleza kwa tumbo. Keti chini.
5. Kamba ya mguu iwe tayari daima.
6. Mara 3 tu, kisha bakia na mtumbwi.
7. Asiyepumua: pumzi 5 kwanza, kisha 30 na 2.

Kateni ukurasa huu, muubandike ukutani nyumbani, karibu na mahali panapokaa kafi na nyavu. Anayetaka kujifunza namna ya kumpa pumzi mtu aliyezama, aje dispanseri kutuuliza. Tutamwonyesha kwa furaha. Samaki wa siku ya Mungu ni mtamu mezani, lakini anaonja utamu wake yule aliyerudi nyumbani.